Kibarua Bila Barua: Mwajiri Baina ya Mume na Mke

Ndoa haikosi mashahidi. Nikahi ya Kiislamu husimama kwa walii, mahari na mashahidi wawili. Kanisani maarusi huapa mbele ya kasisi na wasimamizi wao. Hata wale wanaokwenda kwa msajili wa ndoa bila ngoma wala pilau hutakiwa kufika na watu wawili wa kutia sahihi. Ushahidi huo ukishapatikana, jamii huwahesabu wawili hao kuwa mume na mke. Hata hivyo, Mkenya ambaye mwenzake ni raia au mkaazi wa kudumu wa Uingereza hugundua, pindi anapoomba visa ya kwenda kuishi naye, kwamba kuna shahidi mmoja aliyesazwa. Shahidi huyo hakualikwa arusini, hajui jina la bibi arusi, na pengine hata bwana arusi humjua kwa nambari tu katika orodha ya malipo. Huyo ni mwajiri. Bila barua yake ndoa ni halali, lakini haisafiri.

Makala haya yanaihusu barua hiyo. Hoja yake ni kwamba utaratibu wa kuthibitisha ajira ya mume au mke, kama ulivyo katika kanuni za uhamiaji za Uingereza, haupimi iwapo wawili hao wanaweza kujikimu. Unapima iwapo kazi ya mmoja wao imeacha karatasi za aina fulani. Isitoshe, kalamu ya kuandika karatasi iliyo muhimu kuliko zote amekabidhiwa mtu ambaye hana wajibu wowote kwa ndoa hiyo.

Pengine msomaji atauliza jambo hili linahusu nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Ukweli ni kwamba lugha hii imeyajua masuala ya kazi na karatasi tangu kale. Kamusi za zamani hueleza kuwa kibarua, kabla ya kuwa jina la mtu au la kazi ya kutwa, kilikuwa barua ndogo tu: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili akirudishe wakati wa kulipwa. Baadaye jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika, kisha likaihamia kazi yenyewe, ndipo watu wakaweza kusema kwamba fulani amekwenda kibaruani. Mshahara nao una mzizi mmoja na neno la Kiarabu la mwezi. Ni malipo yanayofuata mwandamo wa miezi. Ujira, ajira, mwajiri na mwajiriwa ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo Mswahili anaposema kuwa mtu ‘ana kazi’, ‘ameajiriwa’, ‘yuko kibaruani’ au ‘anatafuta riziki’, hasemi jambo moja kwa njia nne. Kanuni za uhamiaji nazo hutofautisha, ila zinatofautisha kwa namna inayomfanya kibarua, ambaye jina lake lenyewe limetokana na barua, kuwa ndiye mtu mwenye taabu kubwa zaidi ya kuipata.

Haikuwa hivi daima. Kabla ya Julai 2012, mwombaji alitakiwa kuonyesha kwamba familia ingeweza kujikimu ipasavyo bila kutegemea fedha za umma. Kipimo hicho kilimwachia afisa nafasi ya kuitazama hali yote ya wanandoa: mshahara, akiba, nyumba ya kuishi. Mwaka 2009, katika kesi ya Mahad, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba hata msaada wa jamaa ungeweza kuhesabiwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ungeeleweka vizuri katika kijiji chochote cha Afrika Mashariki ambako mkwe, shangazi na kaka mkubwa huchangia karo, matanga na arusi bila kutiliana sahihi. Maisha yake hayakuwa marefu. Tarehe 9 Julai 2012 kanuni mpya zilianza kutumika, nazo ziliweka idadi kamili: aliyeko Uingereza alipaswa kuwa na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya kodi, au 22,400 ikiwa kulikuwa na mtoto mmoja asiye raia, na nyongeza ya 2,400 kwa kila mtoto wa ziada. Desemba 2023 serikali ya wakati huo ilitangaza nia ya kukifikisha kiwango hicho pauni 38,700. Hatua ya kwanza ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 2024, kiwango kilipopanda hadi 29,000, ambazo ni karibu shilingi milioni tano za Kenya. Nyongeza ya watoto iliondolewa, na waliokuwa wameshaingia katika mkondo huo kabla ya tarehe hiyo waliachwa na kiwango cha zamani. Serikali iliyochaguliwa Julai 2024 ilisitisha hatua zilizobaki.

Ni vyema idadi hiyo itazamwe kwa jicho la mtu anayelipwa kwa saa, kwa kuwa hapo ndipo Wakenya wengi walioko ughaibuni huanzia: kuwahudumia wazee majumbani, kusafisha ofisi alfajiri, kupanga mizigo maghalani. Aprili 2024, mwezi uleule kiwango kilipopandishwa, kima cha chini cha ujira nchini Uingereza kwa mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, akiwa na likizo yake ya malipo, alipata kwa kiwango hicho pauni 23,795 kwa mwaka. Alipungukiwa na zaidi ya 5,200. Ili azifikie 29,000 kwa ujira huo, angelazimika kulipwa karibu saa 49 kila wiki ya mwaka. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 kuhusu saa za kazi imeweka wastani wa saa 48 kwa wiki kuwa mpaka, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi kuuvuka. Kwa maneno mengine, sheria moja ya nchi ilimwambia mtu huyo asifanye kazi kiasi hicho kwa ajili ya afya yake, na nyingine ilimwambia kwamba asipofanya, hataishi na mkewe.

Tuseme basi amezipata. Hapo ndipo safari ya karatasi inapoanza, na wanaoishia njiani humo huwa na uchungu zaidi kwa sababu fedha walikuwa nazo. Aliyekaa kwa mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi hutakiwa kuleta hati zake za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha fedha zilezile zikiingia, na barua ya mwajiri. Barua hiyo lazima iseme mambo manne: kwamba ameajiriwa na analipwa kiasi gani kwa mwaka, amekuwa hapo kwa muda gani, amekuwa akilipwa kiwango hicho tangu lini, na kama ajira ni ya kudumu, ya mkataba wa muda maalumu au ya kupitia wakala. Mwenye mshahara wa mwezi huhesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa alichokuwa nacho katika kipindi hicho. Mwenye ujira wa saa huhesabiwa kwa wastani. Marupurupu ya nauli na posho ya chakula hayamo, jambo linalomuumiza mhudumu wa wazee ambaye huzunguka mji mzima kwa gari lake na kurudishiwa gharama ya mafuta. Malipo ya taslimu huhesabiwa kikamilifu pale tu yanapoonekana katika taarifa ya benki kwa kiasi kinacholingana na hati ya mshahara. Mwenye kazi mbili ana waajiri wawili, na kwa hiyo barua mbili.

Aliyebadilisha kazi katika miezi sita iliyopita ana mtihani mgumu zaidi. Yeye huthibitisha kipato cha miezi 12 nyuma, na barua hutakiwa kutoka kwa waajiri waliotoa hati za mshahara anazozitegemea. Hii ina maana kwamba aliyeacha kazi kwa kugombana na msimamizi wake, au kwa kukataa zamu za usiku, au kwa sababu tu alipata mahali penye malipo bora, sharti arudi mlangoni kwa yule aliyemwacha amwombe amsaidie kumleta mkewe. Mwenye kuyajua mahusiano ya kazini hahitaji kuelezwa jinsi maombi ya namna hiyo yanavyopokewa.

Je, mwajiri analazimika kuandika? Hili ndilo kiini cha lalamiko. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 kuhusu haki za wafanyakazi humpa mfanyakazi haki ya kupata hati ya mshahara yenye mchanganuo wa malipo na makato, na maelezo ya maandishi kuhusu masharti ya kazi yake. Hakuna sheria ya jumla inayomlazimu mwajiri kuandika barua ya kupeleka kwa maafisa wa visa. Dola imeudai ushahidi bila kumlazimisha shahidi kufika mahakamani. Kenya, ambayo mara nyingi hulaumiwa kwa sheria nzuri zisizotekelezwa, angalau imelifikiria jambo lililo karibu na hili: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Cheti hicho si hisani.

Kwa Mkenya, hali ya kuhitaji maandishi ya mwajiri ili uweze kwenda mahali ina mwangwi wa zamani. Sheria ya kuwasajili Waafrika iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ndiyo iliyoleta kipande. Wanaume walikivaa shingoni katika kikebe cha chuma. Ndani yake mwajiri aliandika aina ya kazi, malipo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha, na asiyetiliwa sahihi ya kuachiliwa hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920, na alipokamatwa Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Si haki kuyalinganisha mambo haya mawili kana kwamba ni pacha. Kipande kilikuwa chombo cha ubaguzi wa rangi na kilimfunga mtu kwa tishio la jela. Barua ya leo hudaiwa kwa Mwingereza mweupe aliyeoa Mombasa sawasawa na inavyodaiwa kwa mzaliwa wa Kisii aliyechukua uraia wa huko. Hata hivyo, kuna uzi mmoja unaoyaunganisha: katika hali zote mbili, mwenendo wa mtu asiye na nguvu hutegemea sahihi ya mwenye nguvu ambaye hapotezi chochote akiinyima.

Chukulia mfano wa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huko Voi. Ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, analipwa kila mwezi kupitia benki, na ana hati za mshahara za miaka kumi zilizopangwa katika faili. Mumewe ni mkaazi wa kudumu huko Leicester, anawahudumia wazee kwa ujira wa saa. Kati ya hao wawili, mwenye ajira isiyo na shaka ni mke. Lakini katika hesabu ya ombi la kwanza mshahara wake ni sifuri, kwa sababu kanuni hutazama ajira ya aliyeko Uingereza. Kipato cha mwombaji huanza kuingizwa pale tu anapokuwa tayari anafanya kazi Uingereza kwa ruhusa. Shahada yake, uzoefu wake na uwezekano mkubwa wa yeye kupata kazi akifika hauna uzito wa kawaida. Akiba inaweza kusaidia, ila mizani yake imewekwa juu mno: asiyekuwa na kipato chochote alihitaji, kwa kiwango cha 2024, pauni 88,500 zilizokaa naye miezi sita, yaani takriban shilingi milioni 15. Mwalimu mwenye kiasi hicho benki huenda hana haja ya kwenda Leicester.

Mume naye, ambaye ndiye anayehesabiwa, ana kazi ya zamu. Mwezi mmoja hupata saa 200 na mwezi mwingine 130, kwa kuwa mzee aliyekuwa akimhudumia amefariki na mwingine hajapatikana. Anamwomba msimamizi barua. Msimamizi anamwelekeza kwa karani wa mishahara, aliye katika mji mwingine. Karani anatuma barua ya kawaida ya kampuni inayosema kwamba fulani ni mfanyakazi wetu tangu mwaka fulani. Haikutaja kiwango cha mwaka. Haikusema kiwango hicho kimelipwa tangu lini. Mume anaandika tena kwa adabu, asije akaonekana msumbufu na saa zake zikapunguzwa. Wakati huo taarifa za benki zinazeeka, maana karatasi hizi hutakiwa ziwe za ndani ya siku 28 kabla ya ombi kuwasilishwa. Barua sahihi inapofika, taarifa ya benki imechacha. Taarifa mpya inapopatikana, ina mwezi mwingine wenye saa chache, na wastani umeshuka. Mke anaiona hali hiyo kwa simu ya usiku tu. Si ajabu akaanza kushuku kwamba mume hataki afike. Ndugu za mke nao wana maneno yao.

Mambo kama hayo ndiyo huwasukuma wengine kwa mafundi wa stempu katika vichochoro vya River Road, au kwa wenzao wa Uingereza wanaoandika barua za kampuni zisizokuwepo. Tendo hilo halina utetezi. Kanuni zinaruhusu ombi kukataliwa kwa sababu ya hati ya uongo hata kama mwombaji hakujua kuwa ni ya uongo, na doa hilo humfuata katika maombi ya baadaye. Ila yafaa isemwe kwamba utaratibu unaothamini karatasi kuliko kazi huwapa waghushi soko, kwa kuwa karatasi hughushika na kazi haighushiki.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Serikali yoyote ina haki ya kuhakikisha kwamba wageni inaowapokea hawatakuwa mzigo kwa walipa kodi. Idadi kamili, husema wao, ni bora kuliko hisia za afisa, kwani afisa mmoja ni mpole na mwingine ana chuki. Aidha, suala hili lilifikishwa mahakamani. Tarehe 22 Februari 2017, katika kesi iliyojulikana kwa jina la MM na nchi ya Lebanon, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kuweka kiwango cha chini cha kipato si kinyume cha sheria, ingawa kinawaletea wanandoa wengi dhiki. Ilikosoa namna kanuni zilivyopuuza maslahi ya watoto na zilivyofumbia macho njia nyingine za kipato. Agosti 2017 kanuni zilirekebishwa: pale ambapo kukataa kungevunja haki ya maisha ya kifamilia, afisa aweza kuzingatia msaada wa kuaminika wa jamaa au kipato ambacho mwombaji anatarajiwa kupata. Vilevile afisa ana uwezo wa kuomba hati iliyokosekana badala ya kukataa papo hapo.

Marekebisho hayo yalikuwa mazuri. Udhaifu wake ni kwamba yameifanya busara kuwa jambo la dharura. Mwalimu wa Voi atahesabiwa uwezo wake ikiwa tu wataalamu wa sheria watathibitisha kwamba kumtenga na mumewe ni kuvunja haki za binadamu. Hawezi kuhesabiwa kwa sababu tu ana uwezo. Na neno ‘aweza’ katika kanuni si neno ‘lazima’. Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili.

Kuhusu hoja ya uhakika wa karatasi, jibu limo mikononi mwa serikali yenyewe ya Uingereza. Tangu Aprili 2013 waajiri wa huko wametakiwa kuiarifu mamlaka ya kodi kuhusu malipo ya kila mfanyakazi siku ya malipo au kabla yake. Maana yake ni kwamba dola inajua mume wa mwalimu alilipwa nini, na nani, mwezi baada ya mwezi, hata kabla yeye mwenyewe hajaifungua hati yake ya mshahara. Na si kwamba hazina hiyo haiwezi kutumiwa na maafisa wa uhamiaji. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya walipotakiwa kuomba hadhi mpya ya ukaazi baada ya Uingereza kujiondoa katika umoja huo, mpango uliofunguliwa kikamilifu Machi 2019 uliwaruhusu kuandika nambari yao ya bima ya taifa, na kompyuta ikakagua kumbukumbu za kodi na za misaada kuthibitisha kwamba walikuwa wakiishi nchini. Mamilioni ya watu walipitia mpango huo. Hawakuhitaji kumbembeleza karani. Ikiwa kumbukumbu za kodi zilitosha kwa mtu kutoka Poland au Ureno, haieleweki kwa nini hazitoshi kwa aliyeoa Voi.

Itasemwa kwamba kumbukumbu za kodi hazionyeshi kama ajira ni ya kudumu. Ni kweli, lakini ukudumu huo ni wa jina. Chini ya sheria ileile ya 1996, mwenye ajira ya kudumu aliyefanya kazi zaidi ya mwezi mmoja na chini ya miaka miwili aweza kuachishwa kwa ilani ya wiki moja, isipokuwa mkataba wake useme vinginevyo. Wakati huohuo kibarua wa saa aliyeonekana katika kumbukumbu za kodi kwa miaka minane bila kukosa mwezi hutiliwa shaka kwa kuwa karatasi yake haina neno ‘kudumu’. Riziki yake imedumu. Mkataba ndio haukudumu. Pendekezo la makala haya ni wazi: kumbukumbu za kodi ziwe ndizo ushahidi wa kwanza, barua ya mwajiri iwe nyongeza kwa anayeweza kuipata, na kipato halali cha mwombaji katika nchi anakotoka kiingizwe katika hesabu tangu mwanzo kama kipimo cha uwezo wake wa kufanya kazi.

Hadi hayo yatakapofanyika, barua zitaendelea kuandikwa, na baadhi zitapitia mikononi mwa wasomaji wa jarida hili. Hati isiyo ya Kiingereza inayoambatishwa na ombi hutakiwa kuwa na tafsiri kamili, pamoja na kauli ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake, sahihi yake na njia ya kumpata. Vyeti na barua kutoka Tanzania, Zanzibar na mashariki mwa Kongo huandikwa kwa Kiswahili mara kwa mara, na wenyewe huwatafuta vijana waliosomea tafsiri katika vyuo vya Kenya. Kazi hiyo hudharauliwa, hulipwa kidogo na hufanywa usiku mmoja. Mfasiri anayeligeuza neno ‘kibarua’ kuwa neno lenye maana ya mtu asiye na kazi maalumu amemharibia mtu ndoa bila kujua. Anayechanganya mshahara kabla ya makato na mshahara wa mkononi amezua tofauti kati ya barua na taarifa ya benki, tofauti ambayo afisa hataiita kosa la lugha. ‘Ameajiriwa tangu’ na ‘aliajiriwa mwaka’ ni vitenzi vya nyakati mbili. Cha kwanza kinasema bado yuko kazini, cha pili kinaliacha jambo hilo wazi. Katika kozi nyingi za tafsiri wanafunzi hupewa hadithi fupi na hotuba za viongozi. Barua ya mwajiri wa ghala, hati ya mshahara yenye makato saba na cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa mkono na kadhi wa kijijini ni matini zinazostahili nafasi katika kozi hizo, tena mapema.

Mume wa Leicester, ambaye hahitaji mfasiri, bado anamngoja karani. Barua anayoitaka haizidi mistari minne. Ikifika leo, ana siku 28 za kuituma. Zikipita, itabidi amwombe aiandike upya.